Upepo wa kusukuma na kukatika Ziwa Kivu: bawa kubwa halitakusaidia

Swali: «Jambo mwalimu. Niko Himbi, hapa Goma, nina kilo 78. Nilinunua vifaa vya wing foil (mchezo wa kuvutwa na bawa la upepo juu ya ubao unaoinuliwa na mapezi ya chini ya maji, yaani foili) vilivyokwisha kutumika: bawa la kushika mkononi la mita za mraba 6, ubao wa lita 95, foili yenye pezi la mbele la sentimeta za mraba 1250, na mlingoti wa sentimeta 75 unaounganisha foili na ubao. Siku upepo umetulia ninapaa hata dakika mbili. Lakini siku nyingi upepo unasukuma ghafla, foili inatoka majini na mimi ninarushwa. Halafu upepo unakatika, ninazama. Rafiki ameniambia kwamba Goma iko juu sana, hewa ni nyepesi, kwa hiyo nitafute bawa la mita 7. Ni kweli? Na siku nzima ya upepo wa namna hiyo niipange vipi? Upepo ukifa nikiwa mbali, ninarudije?»

Hapana, ndugu yangu, usinunue bawa la mita 7. Hata hilo la mita 6, siku za upepo wa namna hiyo liache nyumbani. Juu unashika bawa kubwa kuliko misukumo inavyoruhusu, na chini umefunga foili ndogo kuliko shwari inavyoruhusu. Ndiyo maana unaangushwa mara mbili, upepo ukija na upepo ukiondoka. Katika upepo usiotulia, bawa lipimwe kwa misukumo na foili ipimwe kwa shwari. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu bawa ndilo linaloonekana na ndilo jepesi kubadilisha.

Rafiki yako hakukudanganya kuhusu kimo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni kama hektopaskali 850, wakati baharini ni 1,013. Joto likiwa nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa ya Goma ina uzito wa karibu kilo 1. Mombasa kwenye nyuzi 30 ina kilo 1.16 hivi. Kwa hiyo hewa yetu ni pungufu kwa asilimia 15, na bawa lako la mita 6 linavuta hapa kama la mita 5.1 lingevuta Mombasa. Kwa lugha ya upepo, mafundo 15 ya Goma yanavuta kama mafundo 14 ya pwani. (Fundo moja ni kilomita 1.85 kwa saa.) Hesabu hiyo ni sahihi, na siku ya upepo uliotulia ifuate.

Sasa iweke hesabu hiyo kando ya misukumo. Chukua kipima upepo cha mkononi, simama mahali pasipo na ukuta wala miti upande upepo unakotoka, ukishike juu ya kichwa dakika kumi. Usiandike wastani peke yake. Andika namba ya chini kabisa na ya juu kabisa. Tuseme umepata wastani wa mafundo 14, chini 9, juu 22. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo 22 haizidi 9 mara mbili na nusu: inaizidi mara sita. Hii ndiyo kazi mikono yako inayofanya ndani ya sekunde tatu au nne. Asilimia 15 ya kimo mbele ya mara sita haina la kusema. Ukiwa na bawa la mita 7, shwari ya mafundo 9 bado haitakuinua na foili uliyonayo, na msukumo wa mafundo 22 utakung'oa kabisa.

Kwa kilo zako 78 na upepo wa 9 hadi 22, ningeshika bawa la mita 5. Goma linavuta kama la mita 4.25 pwani, na hicho ndicho kipimo ambacho mtu wa uzito wako angeweza kukitawala pwani kwenye mafundo 20 na zaidi. Kipimo cha juu kikipita 25, shuka hadi mita 4. Kikipita 30, kaa ufukweni utazame. Tofauti kati ya chini na juu ikizidi mara tatu, kwa mfano 7 hadi 23, hakuna kifaa kitakachokufurahisha siku hiyo, na si aibu kufunga virago.

Pesa ulizotaka kutia kwenye bawa, zitie kwenye pezi la mbele. Pezi la 1250 likibeba kilo zako pamoja na vifaa linahitaji mwendo wa karibu mafundo 8 majini kabla halijakuinua, na ukishuka chini ya hapo linakuachia. La 1800 linahitaji kama mafundo 6 na nusu. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini shwari nyingi za Kivu zitakupunguza mwendo kutoka mafundo 10 hadi 7: pezi la kwanza linazama, la pili bado linakubeba mpaka msukumo ufuatao ufike. Tafuta pana la kiasi, si refu na jembamba sana. Mapezi marefu membamba yanateleza mbali, ila yakipoteza mwendo yanaachia ghafla bila kutoa onyo.

Ubao wako nao una neno. Maji ya Kivu si mazito kama ya bahari, kwa hiyo lita 95 zinabeba kilo 95 hivi na si zaidi. Jumlisha: mwili 78, ubao wenyewe kama 7, foili 5, koti la kuelea na nguo zilizolowa 3. Umefika 93. Umebakiwa na kilo mbili, na ndiyo maana upepo ukikatika unasimama juu ya ubao uliozama hadi vifundo vya miguu, unayumba, unaanguka kabla msukumo mwingine haujafika. Anayejifunza kwenye upepo wa kukatika anahitaji ubao wa lita 110 hadi 120 kwa uzito wako. Kama fedha haziruhusu vyote viwili, anza na pezi la mbele. Ubao mdogo utakuchosha tu. Pezi dogo litakuzuia kujifunza.

Kabla hujanunua chochote, lakini, rekebisha ulichonacho. Mlingoti wa foili umefungwa kwa skrubu nne, kwa kawaida M8 (unene wa milimita 8), kwenye reli mbili zilizo chini ya ubao. Foili inayotoka majini kila upepo unaposukuma mara nyingi imefungwa mbele mno. Legeza skrubu, sogeza mlingoti sentimeta 1 kuelekea mkiani, kaza, piga alama kwa kalamu ya wino usiofutika, kajaribu. Ukisogeza nyuma, pua ya ubao inakuwa nzito, na mguu wako wa mbele unapata kazi ya kushikilia badala ya kupigana. Sentimeta moja kwa mara moja. Ukisogeza tatu kwa pamoja utashindwa kuinuka na utadhani pezi ni bovu. Kama bado pua inapanda mwendo unapoongezeka, angalia pezi dogo la nyuma: foili nyingi huja na kabari nyembamba za plastiki za kubadili pembe yake kwa nusu digrii. Punguza pembe hiyo, maana pezi la nyuma ndilo linalosukuma mkia chini kadiri mwendo unavyopanda, na mkia ukienda chini pua inaenda juu. Usibadili vitu viwili siku moja, hutajua kipi kilichokusaidia.

Skrubu zenyewe zikague kwenye kila safari. Vumbi la mawe ya volkano linaingia kwenye nyuzi za skrubu na kukwaruza kama msasa. Zifungue, zisugue kwa mswaki wa meno uliozeeka, zitie grisi kidogo, ndipo ukaze. Skrubu iliyokwama kwa vumbi hukupa hisia ya kukaza wakati mlingoti bado unacheza.

Bawa nalo lijazwe sawasawa. Soma kipimo kilichoandikwa karibu na valvu. Mabawa mengi hutaka psi 6 hadi 9 (psi ni kipimo cha kanieneo ya hewa iliyojazwa). Siku ya misukumo jaza hadi kikomo cha juu kilichoandikwa, kwa kuwa bomba la mbele likiwa laini linajikunja upepo unapopiga, umbo linaharibika, na nguvu inahamia mkono wa nyuma bila taarifa. Usishangae pampu ikikuchosha kuliko wanavyosimulia watu wa pwani: kwa hewa yetu nyepesi unahitaji mipigo zaidi, kama asilimia 7. Kisha kuna joto. Bawa lililojazwa psi 8 kwenye nyuzi 35 za jua likiingia kwenye maji ya nyuzi 24 hushuka hadi 7.3 hivi, ongeza kidogo kabla ya kuingia. Na kinyume chake ni hatari zaidi: bawa lililotoka majini likiwa na psi 8 na kulala juani juu ya mawe meusi hupanda kupita 9. Ukitoka kupumzika, fungua valvu uachie pumzi kidogo, na ulilaze kivulini juu ya turubai, kamwe si juu ya jiwe.

Sasa siku yenyewe. Goma ina bahati ambayo Bukavu haina: ziwa liko kusini mwa mji. Kiangazi, Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki zinaposhika nguvu, upepo unakuja Goma ukiwa umepita juu ya maji. Upepo huohuo Bukavu unatoka nchi kavu, umepita milimani na juu ya rasi zenye nyumba, kwa hiyo unafika vipande vipande na unakusukuma kuelekea katikati ya ziwa. Kama una ndugu Bukavu anayetaka kuanza mchezo huu, aje kwako kwanza.

Usiku na alfajiri ardhi inapoa, upepo mdogo unashuka kutoka upande wa volkano kwenda ziwani. Huo ni upepo wa kukupeleka mbali na nchi, tena umepita katikati ya majengo, usiupandie. Asubuhi itumie kukagua vifaa na kufanya mazoezi ya kusimama juu ya ubao maji yakiwa kimya. Jua likipasha nchi, upepo unageuka na kutoka ziwani. Kwa kawaida kati ya 13:00 na 16:00 ndipo unapokuwa na nguvu. Jua la Goma linazama mwaka mzima karibu na 18:00, na giza huingia haraka. Saa 17:00 uwe umeshatoka.

Usisome upepo wa ziwa kwa moshi wa Nyiragongo, ingawa unaonekana vizuri kutoka popote mjini. Mdomo wa volkano uko karibu mita 3,470, yaani mita elfu mbili juu ya ubao wako. Upepo wa huko na wa ziwani mara nyingi haufanani hata mwelekeo. Moshi wa jikoni za karibu na maji, matawi ya mikaratusi na nguo zilizoanikwa vitakwambia zaidi. Programu za hali ya hewa za kwenye simu nazo zinatazama eneo la kilomita nyingi kwa pamoja, milima na ziwa vikiwa vimechanganywa; zichukue kama tetesi.

Misukumo mingine inatengenezwa na vitu unavyoviona. Hewa inayopita juu ya kizuizi hubaki imevurugika kwa umbali wa mara 20 hivi ya urefu wa kizuizi hicho. Jengo la mita 10 likiwa upande upepo unakotoka linakuharibia mita 200. Hata upepo ukitoka ziwani, kuta na miti ya ufukweni huuinua kabla haujaigusa, kwa hiyo mita 50 za mwisho karibu na nchi huwa na upepo wa hovyo. Usijifunze hapo. Pita, nenda mita 200 au 300 nje ambako upepo una adabu zaidi, na ukae hapo. Si zaidi.

Misukumo ya msimu wa mvua ni jambo jingine kabisa. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi mno. Wingu la mvua linapomwaga, hewa baridi inaanguka kutoka juu na kutandaa juu ya maji: kwanza upepo uliokuwepo unakufa, kisha unageuka na kuja kutoka upande mwingine kwa nguvu maradufu. Shwari ya ghafla chini ya wingu jeusi si nafasi ya kupumzika, ni ilani. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Toka majini mara moja na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote pale ziwani.

Ufukwe wa Goma ni lava, haukusamehi. Vaa viatu vya majini vyenye soli nene, beba ubao foili ikiwa juu, bawa likiwa mkono mwingine. Foili yako inashuka karibu sentimeta 80 chini ya ubao, kwa hiyo unahitaji maji yanayofika kifuani kabla ya kuigeuza. Sehemu nyingi kina kinaingia haraka, ila kuna meno ya mawe yasiyoonekana. Asubuhi maji yakiwa safi ogelea na miwani, uchague mlango mmoja usio na mawe, uutumie huohuo kutoka na kurudi. Upepo wa ziwani unakurudisha nchini, jambo jema, lakini unakurudisha kwenye mawe. Piga magoti juu ya ubao ukiwa angalau mita 20 nje, na mara uinukapo, safari ya kwanza iwe ya kubisha upepo, yaani kupanda kuelekea unakotoka, hata kama ni polepole, ili upate nafasi ya kuanguka.

Na unapopumzika, usilale kwenye mabonde ya mawe upande wa magharibi ya mji kuelekea Sake. Wenyeji tunajua mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inakaa mabondeni, na inaua hasa alfajiri kusipokuwa na upepo. Pampu yako ipige ukiwa umesimama mahali pa juu palipo wazi. Gesi iliyo ndani ya ziwa lenyewe iko kwenye vilindi na haikuhusu wewe uliye juu.

Tuje kwenye miili na mikono, maana hapa ndipo siku inapopatikana au kupotea.

Kuinuka. Kaa magotini, upepo ukiwa ubavuni, bawa juu ya kichwa bila kuvuta. Tazama upande upepo unakotoka. Msukumo unaonekana: doa la maji meusi zaidi, lenye mikunjo midogo, linakujia. Likiwa umbali wa mita 100 na upepo ni mafundo 20, una sekunde kumi. Sekunde hizo ndizo za kusimama: mguu wa mbele katikati ya ubao, kisha wa nyuma juu ya mlingoti. Doa likikufikia, geuza pua kidogo kuteremka na upepo, vuta bawa kwa mipigo mitatu hadi mitano, kila mpigo ukienda sambamba na magoti. Ukifikisha sita au saba bila kuinuka, acha, rudi magotini, ngoja doa lingine. Kosa linalomaliza nguvu za watu ni kupiga bawa kwenye shwari kwa matumaini. Hakuna kitu pale cha kuvuta.

Kupokea msukumo ukiwa hewani. Nguvu ya pezi la mbele nayo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka mafundo 10 hadi 13, pezi linakuinua kwa asilimia 69 zaidi ya mwanzo, na usipolishusha pua litapanda hadi litoboe uso wa maji. Likitoboa linavuta hewa, linapoteza kila kitu papo hapo, ubao unashuka kwa pua. Huo ndio mrusho unaousimulia. Dawa yake inaanza kabla msukumo haujafika. Ukiona doa, hamishia uzito mguu wa mbele na ushuke. Mlingoti wa sentimeta 75 utumie nusu: 30 hadi 40 juu ya maji, iliyobaki chini. Msukumo ukipiga, mkono wa nyuma ufungue bawa kwa kiasi cha kiganja, na pua uielekeze kidogo upepo unakotoka. Upepo ukiongezeka ghafla kabla mwendo wako haujaongezeka, unauhisi umehamia nyuma. Kwa hiyo kupanda kuelekea upepo wakati huo hakukugharimu kitu, kunapunguza nguvu, na kunakupa mita za bure za kubisha.

Angalia sana pembe ya bawa. Mtu akiogopa msukumo hulipandisha bawa juu ya kichwa. Linapofika juu, linamvuta yeye kwenda juu, uzito unatoka kwenye ubao, na foili iliyokuwa imebanwa na kilo 78 sasa imebanwa na 50. Lazima ipae. Bawa lisimame mbele yako zaidi kuliko juu yako, ncha ya chini ikiwa karibu nusu mita kutoka majini, na uzito wako uegemee visigino. Mambo yakizidi, achia mkono wa nyuma kabisa ubaki na mshikio wa mbele: bawa litapeperuka bila nguvu. Mkanda wa kujifungia bawa kiunoni uache kabisa mpaka uyaweze haya bila kufikiri.

Kuvuka shwari. Upepo ukikatika, unauhisi umehamia mbele, na ukingo wa bawa unaanza kupapatika. Mkono wa nyuma utataka kuvuta kwa nguvu. Usiukubalie: bawa lililofungwa mno linageuka breki. Fungua kidogo, teremka na upepo kwa digrii 20 hivi, na bonyeza mguu wa mbele ushuke sentimeta 10 au 15. Kimo ulichokuwa nacho kinageuka mwendo. Kisha nyoosha, upige foili kwa miguu, mara tatu nne, bonyeza na uachie kama mpigo mmoja kwa sekunde. Hapa ndipo pezi la 1800 linapolipa gharama yake. La 1250 litakukatalia. Usipoona doa jipya ndani ya mita 100, jishushe mwenyewe taratibu hadi ubao uguse maji ukiwa bado na mwendo, na upige goti. Kushuka kwa hiari kunakuacha juu ya ubao. Kungoja kuangushwa kunakupeleka majini, na kupanda tena ndiko kunakochosha.

Kugeuka usifanye msukumo unapoingia wala shwari inapoanza. Ngoja msukumo ukupe mwendo, uhisi umeacha kuongezeka, ndipo ugeuke na upepo mgongoni. Wakati huo unakimbia pamoja na upepo na bawa linakuwa jepesi mkononi.

Kuanguka nako kuna utaratibu: achia bawa, kamba ya mkononi italishika, anguka kwa ubavu au mgongo, mbali na ubao, upande upepo unakotoka, usiruke kwa miguu, usipige mbizi. Ukiibuka, mkono uwe mbele ya uso. Kofia ngumu na koti la kuelea si mapambo. Kingo za foili zinakata, na hapa hata mwamba unakata. Mikono ikianza kufa ganzi au ukaanguka mara tatu mfululizo kwa kosa lilelile, toka, kunywa maji, kaa kivulini nusu saa. Jua la kimo hiki linachoma hata kukiwa na mawingu.

Maji si yako peke yako. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, hufanya kazi usiku na kurudi alfajiri na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, miti mirefu ikitokeza mbele na nyuma; wape nafasi kubwa, hawawezi kukukwepa. Chupa au madumu yanayoelea kwa mstari ni wavu, na foili inanasa. Pita mbali na njia ya boti za Bukavu. Mashariki kuna mpaka: upepo wa kusini-magharibi unakupeleka Gisenyi, Rwanda, na bawa la rangi kali linalovuka mpaka si kitu ambacho doria italitazama kwa kicheko. Kaa upande wa Himbi na Kyeshero, na kila siku kabla ya kuingia uliza bandarini kama ziwa liko wazi.

Swali lako la mwisho, upepo kufa ukiwa nje. Usiache ubao, hata kama nchi inaonekana karibu. Kama bado kuna upepo mdogo kutoka ziwani, kaa magotini, shika bawa wima, likuburute polepole. Kama hakuna kabisa, ligeuze bawa mishikio ikitazama juu, liweke juu ya mkia wa ubao, ulale kifudifudi ulibane kwa miguu, upige makasia kwa mikono. Kutoka mita 300 utafika. Kutoka kilomita mbili hutafika, na ndiyo sababu ya kukataza uende mbali. Toa hewa ya bawa kama tu upepo umegeuka na unakusukuma nje, maana bawa lenye hewa ni boya lako na ndilo linaloonekana. Kuomba msaada, inua mikono yote miwili na kuishusha ubavuni polepole, mara nyingi. Simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji, na mtu ufukweni ajue saa uliyosema utarudi.

Mtumbwi wa injini ukija kukuvuta, patana na mwenye chombo kabla ya kamba kufungwa: aende polepole kuliko mtu anayekimbia. Akizidi mafundo 6 foili yako itaamka, itapaa bila wewe kutaka, na itakuangushia ubao kichwani. Afadhali upande chomboni mwake, utoe hewa ya bawa, na ubao uvutwe nyuma ukiwa umepinduliwa, foili ikitazama juu, kamba ikiwa ndefu mita tano au zaidi ili mlingoti usimfikie mtu yeyote.